Gari langu la michezo linakunywa mara mbili ya nilivyoahidiwa, na mke wangu ameanza kuuliza linapitia wapi

Mjomba, shikamoo.

Nakusoma siku nyingi, lakini hii ni mara yangu ya kwanza kukuandikia. Jambo langu lilianza kama la gari, sasa limeingia ndani ya nyumba.

Nina miaka 36, naishi Tegeta, nafanya kazi Posta. Tangu niko sekondari nilitamani gari la michezo, la milango miwili, la chini, lenye gia za mkono. Mwaka huu Mungu akanijalia, nikaagiza Japani gari la mwaka 2022, injini ya lita 2.4 isiyo na tabo, gia sita. Lilikuwa limetembea kilomita elfu tisa tu. Ukifungua mlango unasikia bado lina harufu ya upya.

Kwenye tangazo la muuzaji iliandikwa kilomita 14 kwa lita. Mimi na mke wangu tukakaa, tukapiga hesabu. Kwenda na kurudi kazini ni kama kilomita 50, kwa hiyo mafuta yasingezidi laki mbili na nusu kwa mwezi. Alikubali kwa sharti hilo, maana tuna watoto wawili shule ya kulipia na nyumba haijaisha.

Sasa Mjomba, dashibodi inasoma kilomita 7.1 kwa lita na haipandi. Mafuta ya mwezi yanakaribia laki tano. Kabla ya hapa nilikuwa na IST, na barabara ni hii hii, saa ni hizi hizi, ilikuwa ikinipa 11 mpaka 12. Mke wangu alianza kwa utani. Siku hizi anauliza kwa sauti nyingine: "Baba Nasra, hilo gari likitoka kazini linapitia wapi?" Mjomba, halipitii popote. Natoka Posta, nashika Ali Hassan Mwinyi, Morocco, Mwenge, Bagamoyo Road mpaka nyumbani, na foleni yote ni yangu. Lakini nikimwambia mafuta yanaisha njiani, hesabu tuliyoiandika wote wawili inanikanusha.

Nimekwenda gereji ya jirani. Fundi akasema oili ya Kijapani ni nyepesi mno kwa joto la Dar, akatoa 0W-20 iliyokuwemo akaweka 20W-50. Akasema pia masega, yale ya kwenye ekzosi yanayosafisha moshi, yameziba, yatolewe, na kwamba ana mtu wake wa "kuifungua" kompyuta ya gari. Hayo mawili nimemwambia angoje. Rafiki mmoja ananishauri nimimine dawa ya kuongeza oktani, yaani uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo wa injini, kila nikijaza. Mwingine anasema nimeuziwa gari lililopata ajali, nimfuate muuzaji kisheria. Nisisahau: nilibadilisha pia tairi, nikatoa 215/40 za rimu 18 nikaweka 235/40, kwa ajili ya muonekano.

Naomba uniambie ukweli. Gari ni bovu? Nimetapeliwa? Au niliuze tu nirudishe amani?

Mpwa wako, Tegeta.

*

Marahaba, mpwa wangu. Na hongera kwa gari. Umeandika kwa hofu mpaka umesahau kufurahi, na kitu ulichokitamani tangu sekondari kinastahili kufurahiwa.

Jibu langu nalitanguliza: kwa yote uliyoyaeleza, sioni dalili ya ugonjwa kwenye gari lako. Kilichokosewa ni namba mliyoiweka mezani siku ile. Na kabla sijaeleza kwa nini, tafadhali asiguse mtu masega wala kompyuta ya hilo gari mpaka umalize kusoma.

Tuanze na hiyo 14. Kwa magari ya miaka ya karibuni, Japani hutumia kipimo kinachoitwa WLTC, na vipeperushi vyao hutoa namba nne: ya mjini, ya pembezoni mwa mji, ya barabara kuu, na ya mchanganyiko. Kwa gari lenye injini kama yako, 14 inafanana na namba ya barabara kuu. Muuzaji amechukua iliyo nzuri kuliko zote akaiweka kwenye tangazo. Mimi naona ni tabia mbaya, kwa sababu anajua mnunuzi wa Dar au Nairobi hataona kile kipeperushi cha Kijapani. Lakini kumfikisha mtu mahakamani nje ya nchi kwa namba ambayo kweli imo kwenye karatasi za kiwanda, utatumia fedha nyingi kuliko mafuta unayoyalilia. Muandikie umwambie tangazo lake linapotosha, kisha uendelee na mambo yako.

Sasa chukua ushahidi kutoka upande mwingine. Jina la gari lako hukulitaja na sina haja nalo, ila liko gari linalojulikana sana lenye injini ya ukubwa huo huo, lita 2.4 bila tabo: Toyota GR86. Huko Marekani, serikali ililipatia gari hilo la mwaka 2022, lenye gia za mkono, maili 20 kwa galoni mjini, 27 barabara kuu, na 22 kwa mchanganyiko. Galoni yao ni lita 3.785. Ukigeuza unapata kilomita 8.5 kwa lita mjini, 11.5 barabara kuu, na 9.4 mchanganyiko. Umeona? Namba rasmi ya mjini, iliyopimwa na watu wasio na sababu ya kukupendelea wala kukuonea, ni 8.5. Wewe unapata 7.1 katikati ya foleni ya Bagamoyo Road. Umbali kutoka 8.5 hadi 7.1 ni mdogo, na tutauona unatokea wapi.

Hapo hapo nikuonye kuhusu galoni, kwa sababu watu wengi wanajikwaa. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546. Gazeti la Uingereza likisema gari linakwenda maili 30 kwa galoni, ni kilomita 10.6 kwa lita. La Marekani likiandika maili 30 hizo hizo, ni 12.75. Ukisoma sifa za gari mtandaoni, kwanza angalia mwandishi yuko nchi gani.

Vipimo hivi vyote hufanyika ndani ya maabara. Gari hupandishwa juu ya rola, magurudumu yanazunguka gari likiwa limesimama pale pale, na dereva anafuata mchoro wa mwendo uliopangwa sekunde kwa sekunde. Kwenye kipimo cha zamani cha Japani, JC08, mwendo wa wastani ulikuwa kama kilomita 24 kwa saa na kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Kipimo cha mjini cha Marekani kina wastani wa kama kilomita 34 kwa saa. Wewe unatoka Tegeta asubuhi na kufika Posta baada ya saa moja na nusu, si ndiyo? Kilomita 25 kwa saa moja na nusu ni wastani wa kilomita 17 kwa saa, AC ikivuma. Hakuna maabara iliyowahi kulipima gari lako katika hali hiyo.

Sasa twende njiani pamoja, maana hapa ndipo mafuta yako yanapoishia na ndipo nataka mama Nasra naye asome.

Kama barabara ingekuwa tupu na mwendo mmoja, kilomita 25 kwa kiwango cha 14 zingehitaji lita 1.8. Hiyo ndiyo hesabu mliyopiga. Lakini njiani kuna kusimama. Injini iliyosimama bila kwenda popote, kwa makadirio ya serikali ya Marekani, hutumia robo hadi nusu galoni kwa saa kutegemea ukubwa wake na kama AC inafanya kazi, yaani kama lita moja hadi karibu mbili. Tuseme katika saa moja na nusu yako, nusu ya muda umesimama: Mwenge, Morocco, na pale trafiki anapouzuia upande wenu mpaka mnasahau mlikuwa mnakwenda wapi. Dakika 45 za kusimama ni kama lita moja nzima. Gari halijasogea hata hatua.

Halafu kuna kuondoka. Kila ukisimama, ule mwendo uliokuwa nao unaugeuza kuwa joto kwenye breki, na kila ukiondoka unaununua upya kwa petroli. Gari la kilo 1,300 hivi kulifikisha kilomita 50 kwa saa kutoka sifuri kunachukua, kwa hesabu ya karibu, mililita 16 za petroli: kijiko kimoja cha chakula. Kulifikisha kilomita 30 kwa saa ni kijiko cha chai. Inaonekana kidogo. Lakini hesabu mara unazosogea na kusimama kati ya Tegeta na Posta. Ukisogea mara hamsini au sitini, nyingine fupi nyingine ndefu, umemimina zaidi ya nusu lita barabarani.

Jumlisha: lita 1.8 za kwenda, moja ya kusimama, nusu na ushee ya kuondoka. Umefika lita 3.4 au 3.5 kwa kilomita 25. Gawanya, unapata 7 na kitu. Gari lako linakuambia ukweli, mpwa wangu, na wewe unamwambia mkeo ukweli. Halipitii popote.

Utauliza, mbona IST kwenye foleni hiyo hiyo ilinipa 12? Swali zuri, na ndilo linalompa mama Nasra haki ya kushuku. Injini ya lita 1.3 au 1.5 ikisimama inahitaji mafuta machache ya kujizungusha tu, na gari lenyewe ni jepesi zaidi. Kuna jambo la ndani zaidi ambalo mafundi wengi hawalielezi. Injini ya petroli hufanya kazi vizuri ikibebeshwa mzigo wa kutosha. Ukigusa pedali kidogo tu, kile kilango cha hewa kinakaribia kufungwa, na injini inapoteza nguvu zake kwa kunyonya hewa kupitia tundu dogo. Injini ndogo kwenye foleni inakuwa na mzigo wa kiasi chake. Injini ya lita 2.4 iliyotengenezwa kwa ajili ya nguvu za zaidi ya farasi mia mbili, kwenye foleni hiyo hiyo, inafanya kazi mahali pabaya kuliko pote kwake. Ndiyo maana namba za gari la michezo zinaanguka mjini kuliko za gari dogo, na zinapona zikifika barabara kuu.

Gia za mkono nazo zina bei yake. GR86 hiyo hiyo yenye gia za otomatiki ilipewa maili 30 au 31 barabara kuu kutegemea toleo, na ile ya mkono 27. Injini ni moja. Gia ya sita ya mkono imewekwa fupi ili gari lijibu haraka ukikanyaga, kwa hiyo kwenye mwendo wa mia injini inazunguka kwa kasi zaidi. Huo ndio utamu ulioununua, na unalipiwa. Wamarekani walifika mbali zaidi: kuanzia mwaka 1989 Chevrolet Corvette ya gia za mkono ilifungwa kifaa kinachomlazimisha dereva anayekanyaga taratibu kutoka gia ya kwanza kwenda ya nne moja kwa moja, ili gari lifanye vizuri kwenye kipimo cha mafuta na kuepuka kodi wanayotozwa walafi wa petroli. Wenye magari wakawa wanakitoa kifaa hicho. Namba ya kwenye karatasi ilipatikana kwa kuendesha namna ambayo mwenye gari mwenyewe hakutaka kuendesha.

Je, viwanda havidanganyi kabisa? Vimewahi, na sitaki nikufiche. Mwaka 2012 Hyundai na Kia walikubali kushusha namba za magari mengi waliyouza Marekani baada ya serikali kugundua hazilingani na vipimo vyake, na mwaka 2014 wakakubali faini ya dola milioni 100. Ford walishusha namba ya C-Max ya mwaka 2013 kutoka maili 47 hadi 43 na kuwalipa wateja. Mitsubishi walikiri mwaka 2016, huko huko Japani, kwamba walichezea vipimo vya mafuta vya magari yao madogo. Ulaya nako, chini ya kipimo cha zamani, pengo kati ya karatasi na barabara lilikua kutoka chini ya asilimia 10 mwaka 2001 hadi karibu asilimia 40 kufikia 2017, ndipo wakabadilisha kipimo. Kwa hiyo kushuku si ujinga. Ila kwako hatuhitaji kwenda huko, kwa sababu foleni peke yake imeshaeleza karibu kila tone.

Nimesema karibu, si kila tone. Kuna vitu viwili umeviongeza mwenyewe.

Kimoja ni hiyo oili. Aliyekuwekea 20W-50 amekuharibia, hata kama nia yake ilikuwa njema. Injini za kisasa zina nafasi nyembamba sana kati ya vyuma, na kiwanda kimeandika 0W-20 kikijua kwamba kuna nchi za joto duniani. Oili nzito inafanya injini ihangaike kujizungusha. Kuzidisha uzito hatua moja tu, kutoka 5W-30 kwenda 10W-30, kunaweza kupoteza asilimia 1 hadi 2 ya mafuta. Wewe umeruka hatua nyingi. Lakini mafuta si hofu yangu kubwa. Injini ya aina hii hutumia presha ya oili kuendesha mitambo ya valvu, na oili nene hufika kwa kuchelewa asubuhi unapowasha. Rudisha ya kitabu wiki hii, na filta mpya.

Kingine ni tairi. Tairi pana inashika lami vizuri na inavuta mafuta zaidi, hilo liko wazi. Lakini kuna kitu kingine hujakiona. 235/40 kwenye rimu 18 ni kubwa kuliko 215/40 kwa kama asilimia 2.5 ya kipenyo. Gari halijui kama umebadilisha. Ukienda kilomita 100 za kweli, dashibodi inahesabu kama 97 na nusu. Maana yake ile 7.1 yako kwa kweli ni kama 7.3, na spidi yako ni kubwa kidogo kuliko unavyoisoma, jambo la kukumbuka ukiona tochi za trafiki. Presha nayo pima asubuhi tairi zikiwa baridi, ukifuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kijana wa kituoni atakujazia kwa kukisia.

Sasa masega. Mpwa wangu, hapa nataka unisikie vizuri. Ndani ya masega mna platinamu, paladi na rodi, madini ya bei kubwa, na wapo wanunuzi wanaozunguka gereji kwa gereji wakiyatafuta. Sisemi fundi wako ni mwizi, simjui. Nasema anayekushauri utoe masega ya gari la mwaka 2022 lenye kilomita elfu tisa, bila kupima chochote, anakushauri utupe kitu chenye thamani ambacho hakijaharibika. Masega yaliyoziba kweli yanalifanya gari likose nguvu ukipandisha spidi na mara nyingi taa ya injini inawaka. Hukutaja lolote kati ya hayo. Ukiyatoa, sensa ya nyuma yake italalamika, taa itawaka, kelele itaongezeka, na moshi mchafu utavutwa na watoto wanaouza karanga kwenye foleni ile ile. Mafuta hayatapungua.

Kompyuta nayo iache. Anayeifungua kwa kawaida anatafuta nguvu zaidi, na nguvu zaidi hazijawahi kuwa dawa ya ulaji.

Dawa ya oktani: fungua kifuniko cha tangi usome kilichoandikwa ndani yake, kisha uulize kituoni petroli yao ni oktani ngapi. Magari ya michezo ya Japani hutengenezwa kwa ile petroli yao ya juu, na injini yenye mgandamizo mkubwa ikipewa oktani ya chini huanza kugonga. Sensa inasikia kugonga huko na kuchelewesha cheche ili kuilinda injini. Haiharibiki, lakini inapoteza nguvu na mafuta kiasi. Kama petroli ya kituo inafikia kilichoandikwa, zile chupa ni fedha za bure kwa muuza duka. Kama haifikii, tafuta kituo chenye ya juu zaidi kabla ya kununua chupa.

Kinachobaki ni kuthibitisha, na hapa nataka umchukue mkeo. Usitumie namba ya dashibodi, hiyo ni makadirio. Jumamosi moja, mapema kabla jua halijachomoza, endeni mpaka Kibaha, mkiwa mmeshavuka msongamano wote wa Kimara na Mbezi. Jaza tangi kwenye pampu moja mpaka mkono wa pampu ukate wenyewe, usiongeze hata kidogo, na sifurisha kipimo cha safari. Kisha nendeni Morogoro taratibu, 80 hadi 90 penye ruhusa na 50 vijijini, kunyweni chai, mrudi Kibaha kwenye pampu ile ile, mkijaza tena mpaka ikate. Ni kama kilomita 300 kwa jumla. Chukua kilomita ulizosoma, ongeza asilimia 2.5 kwa sababu ya tairi, ugawe kwa lita ulizojaza. Mama Nasra ndiye aandike kwenye daftari na ndiye apige hesabu.

Mkipata 12 na kuendelea, injini ni nzima na mjadala wa ubovu umekwisha. Mkipata 9 au chini ya hapo kwenye barabara iliyo wazi, basi kuna kitu, na hapo ndipo unakwenda kwa fundi, ila fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta. Mwambie aangalie kama injini inafikia joto lake, kwa sababu themostati iliyokwama wazi inaifanya injini idhani ni baridi siku nzima na kuongeza mafuta. Aangalie sensa ya oksijeni. Na wewe mwenyewe ukisimama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa: moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki yake inashika. Suala la ajali nalo litaonekana hapo hapo, gari lililopinda huvuta upande na kula tairi bila mpangilio.

Kwenye foleni unaweza kupunguza kidogo, si sana. Panda gia mapema, kabla ya mzunguko wa 2,500, huna wa kushindana naye pale Mwenge. Acha nafasi mbele yako ili usogee polepole bila kusimama kabisa, hata kama bajaji watatu wataingia. Kila kusimama ulikokwepa ni kijiko kilichobaki kwenye tangi. Trafiki akiuzuia upande wenu kwa muda mrefu, zima injini. Usiachie gari kwenye nyutro ukiteremka kama watu wanavyofanya kule Kitonga: ni hatari, na pia ni hasara, kwa sababu injini ya kisasa ukiondoa mguu huku gia ikiwa ndani, kompyuta inakata petroli kabisa, ila kwenye nyutro lazima iendelee kunywa ili isizime. AC siwezi kukuambia uzime, Dar hii. Fungua vioo kwanza dakika mbili joto la maegesho litoke, ndipo uwashe, na uweke izungushe hewa ya ndani.

Kwa yote hayo, kwa siku za kazi, tarajia 7 na nusu, labda 8. Hiyo ndiyo namba ya kuweka mezani badala ya 14. Kwa kilomita zako hizo, ni kama laki nne na ushee kwa mwezi, na pengo kati ya hiyo na laki mbili na nusu ni fedha ya kweli yenye watoto na nyumba ndani yake. Mkeo alikubali kwa sharti, na sharti limevunjika hata kama si kwa kosa lako, kwa hiyo uamuzi uliobaki ni wa wawili. Kuuza mimi sikushauri. Gari lenye umri huo likiuzwa kwa haraka litakupotezea zaidi ya miaka kadhaa ya tofauti hiyo ya mafuta. Ningekuwa wewe ningetafuta jirani wa Tegeta anayekwenda Posta, mkachangia mafuta kwenye gari lake dogo siku tatu za wiki, na hilo lako likabaki la siku mbili na la safari za wikiendi, barabarani ambako limetengenezwa kwenda. Mpelekee mama Nasra pendekezo hilo pamoja na hesabu ya vijiko, na umsikilize yeye atasema ziwe siku ngapi.